Dizeli ya zamani inafuka moshi na kula oili: vipimo vya kufanya kabla ya kushusha injini

Hilux ya mjomba wangu ilikuwa na injini ya 3L, ile ya lita 2.8 isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), na kwa miaka mingi ilibeba mahindi kutoka Ismani hadi Iringa mjini. Ilipoanza kutoa moshi wa buluu, fundi aliinama kwenye ekzosi mara moja akasema ringi za pistoni zimekwisha. Injini ikashushwa, ikawekwa ringi na beringi mpya, na mjomba akauza ng'ombe wawili kulipia. Mwaka haukuisha, moshi ukarudi vilevile. Fundi wa pili ndiye aliyegundua chanzo: mpira unaotoka kwenye boksi la chujio la hewa kwenda injini ulikuwa na ufa kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki ukiwa umesimama mbele ya boneti. Kila safari injini ilikuwa inavuta vumbi la barabara, na vumbi lile lilisaga ringi mpya kama lilivyosaga za zamani.

Fundi wa kwanza hakukosea kusema ringi zimekwisha. Alikosea kutouliza kwa nini zimekwisha.

Mwongozo huu ni kwa mwenye dizeli za namna hiyo: 2L, 3L, 5L, 1HZ na 1KZ za Toyota, TD27 ya Nissan, 4D56 ya Mitsubishi, na nyingine za rika lao. Vipimo nimevipanga kuanzia vya bure hadi vya gharama. Usiruke hata kimoja, hata kama mtu unayemwamini ameshakwambia jibu.

Kwanza, jua inakula kiasi gani

"Inakula oili sana" si kipimo. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kumi ili oili yote ishuke chini, kisha toa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kitoe tena usome. Jaza hadi alama ya juu kabisa, isipite hapo. Andika kilomita zilizopo kwenye dashibodi. Tembea kilomita 1,000 kwa matumizi yako ya kawaida, kisha rudi mahali palepale na uongeze oili hadi alama ileile kwa chupa yenye vipimo vya mililita. Ulichoongeza ndicho kilichopotea.

Vitabu vya Toyota huruhusu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000, lakini mimi huo nauona ni upole mkubwa. Dizeli ya zamani iliyo hai hutumia chini ya nusu lita kwa umbali huo. Ikiwa yako inatumia robo lita, nunua oili ya akiba, iweke nyuma ya kiti na uendelee na maisha. Ikifika nusu lita, anza uchunguzi. Ikikaribia lita nzima, usisafiri mbali kabla hujajua kisa.

Angalia pia yale madogo yanayoleta moshi bure. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu hupigwa na krenki ikawa povu, na sehemu yake huishia kuungua. Oili ya petroli iliyowekwa kwenye dizeli haina nguvu ya kutosha kushika masizi. Kwa injini hizi, 15W-40 ya dizeli kutoka duka linaloaminika inatosha.

Kama kiwango kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka, simama hapohapo. Kitu kimeingia kwenye oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Ikiwa ni nyepesi, inatiririka kama maji na inanuka dizeli, basi ni mafuta, mara nyingi kutoka kwenye nozeli inayovuja, yaani kile kinachopuliza dizeli ndani ya silinda. Nozeli ya namna hiyo hukudanganya pia: injini inakula oili, dizeli inajaza pengo, na wewe unaona kijiti hakijashuka, ukaridhika.

Oili inayopotea bila kuungua

Kabla hujaangalia ekzosi, angalia chini ya gari. Osha injini vizuri, tembea siku mbili, kisha tandika kadibodi chini usiku kucha. Kagua gasketi ya kava la valvu, sili za krenki mbele na nyuma, na mahali filta ya oili inapokaa.

Kwenye 2L, 3L na 5L kuna sehemu moja ambayo watu wengi huisahau. Nyuma ya alteneta kuna pampu ndogo inayotengeneza mvuto wa kusaidia breki, nayo hulainishwa na oili ya injini kupitia bomba jembamba na mpira wa kurudishia. Mpira ule hukauka na kupasuka, au sili ya pampu inachoka na oili inaingia ndani ya alteneta. Gari linapoteza oili, ekzosi ni safi, na alteneta inaungua kila baada ya miezi michache bila mtu kuunganisha mambo hayo mawili. Pitisha kidole chini ya alteneta. Kikitoka na oili, umeanza kupata jibu.

Soma moshi pamoja na saa yake

Rangi peke yake haitoshi, kwa sababu rangi ileile ina maana tofauti asubuhi na mchana, injini ikiwa baridi au ikiwa imebeba mzigo. Mwombe mtu akanyage mafuta huku wewe umesimama pembeni, moshi ukiwa mbele ya kitu cheusi kama ukuta au miti. Fanya mara tatu: injini ikiwashwa baridi, ikiwa ya moto kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), na ikipanda mlima na mzigo. Chukua pia karatasi nyeupe, ishike umbali wa kiganja kutoka mdomo wa ekzosi kwa nusu dakika. Masizi makavu ni mafuta yasiyoungua vizuri. Madoa yanayoteleza ukiyasugua na yasiyokauka ni oili. Unyevu unaokauka wenyewe ni maji.

Moshi mweusi maana yake ni mafuta mengi au hewa kidogo, na hauhusiani na kula oili. Chujio la hewa lililoziba, nozeli inayomwaga badala ya kupuliza ukungu, au pampu iliyofunguliwa kuongeza nguvu, hao ndio washukiwa. Wingu jepesi jeusi unapopanda mlima Kitonga na tani ya mzigo mgongoni si ugonjwa kwa injini isiyo na tabo. Mweusi mzito kwenye tambarare ni ugonjwa.

Moshi mweupe una sura mbili, na kuzichanganya kumegharimu watu silindahedi nzima. Ukiwa unawasha macho na kunuka dizeli, ni mafuta ambayo hayakuwaka kabisa kwa sababu chumba cha kuchomea mafuta ni baridi, kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) iko chini au pampu inachelewa kupuliza mafuta. Ukitoka asubuhi kwa dakika moja hadi mbili kisha ukaisha, anza na hita plagi, zile zinazopasha joto chumba hicho wakati wa kuwasha. Dar es Salaam hita plagi moja iliyokufa huenda usiigundue. Peleka gari hilohilo Njombe mwezi wa Julai, litatetemeka na kufuka hadi jirani atoke nje. Ondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha, pima kila moja kwa mita ya umeme. Nzima husoma upinzani mdogo sana, karibu na ohm 1, na iliyokufa haisomi kitu. Usiziguse moja kwa moja na waya wa betri, maana nyingine si za volti 12 na utaziunguza zile nzima.

Mweupe wa pili ni mvuke wa maji ya rejeta. Hauwashi macho, hauishi injini ikipata moto, na maji yanapungua bila kuonekana yanakokwenda. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama. Mapovu yasiyokoma, au maji kurushwa nje ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi au kwenye ufa wa hedi. Dalili nyingine: mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe dakika mbili baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Wenye 1KZ-TE wawe makini zaidi, kwa sababu hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikishachemka hata mara moja.

Moshi wa buluu ndio wa oili. Lakini usiuamini asubuhi, kwa sababu dizeli iliyoungua nusu kwenye injini baridi nayo huonekana buluu iliyopauka. Usubiri injini ipate moto kamili. Buluu inayoendelea hapo, hasa inayoongezeka unapokanyaga mafuta, ni oili inayoungua. Imeingilia wapi? Njia ni nne tu: kando ya ringi, kwenye shina za valvu, kupitia bomba la kupumulia, au kupitia tabo kama ipo.

Hapa niseme jambo kuhusu sili za valvu, kwa sababu hulaumiwa kupita kiasi. Injini ya petroli ina kizibo cha hewa kwenye mdomo wake, na ukiachia mafuta mvuto mkubwa unatokea ndani unaonyonya oili kupitia shina za valvu. Dizeli nyingi hazina kizibo hicho, kwa hiyo mvuto huo ni mdogo mno. Sili zilizochoka kwenye dizeli huonekana zaidi baada ya gari kusimama kwenye sailensa muda mrefu, kisha likatoa pumzi moja ya buluu linapoondoka na kutulia. Moshi wa buluu usiokoma barabarani haujasababishwa na sili peke yake.

Njia ya hewa, na adui anayeitwa vumbi

Kama ningeruhusiwa kukagua sehemu moja tu ya dizeli inayoishi barabara za vumbi, ningechagua hii. Fungua mpira unaotoka kwenye boksi la chujio, ufute ndani kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Upande wa baada ya chujio unapaswa kuwa safi. Ukipata vumbi, hata jembamba kama poda, injini inasagwa sasa hivi unapokitazama kitambaa chako.

Tafuta linapoingilia. Vua mpira wote, ukunje kwa mikono uone nyufa kwenye mikunjo ya chini. Kagua klipu zake. Weka chujio kwenye boksi na uone kama ukingo wake unabana pande zote. Machujio mengi ya bei rahisi ni mafupi kwa milimita chache, na milimita hizo zinatosha. Shika chujio dhidi ya jua: ukiona nukta ya mwanga inapenya, litupe. Nukta hizo mara nyingi hutengenezwa gereji, pale kijana anapolipuliza kwa kompresa yenye upepo mkali hadi karatasi inatoboka. Kama ni lazima upulize, tumia upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa bomba ukiwa mbali na karatasi. Lakini chujio jipya ni rahisi kuliko ringi moja.

Bomba la kupumulia

Kila injini hupitisha gesi kidogo kando ya ringi kwenda chini, na gesi hiyo hutolewa kupitia bomba kwenye kava la valvu linaloirudisha kwenye njia ya hewa. Injini ikichoka, gesi inakuwa nyingi na inabeba ukungu wa oili. Hiyo oili inaungua, moshi unakuwa wa buluu.

Injini ikiwa ya moto kwenye sailensa, legeza kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na ukilaze juu ya tundu. Kikicheza kidogo mahali pake, ni kawaida. Kikirushwa, au moshi ukatoka kwa mapigo kama treni, ringi zinapitisha sana. Kisha chomoa bomba la kupumulia kutoka kwenye njia ya hewa, ziba tundu lililobaki kwenye njia hiyo lisivute vumbi, na uelekeze bomba ndani ya chupa kubwa ya plastiki iliyoshikizwa imara mbali na ekzosi, mdomo wake ukiachwa na nafasi ya hewa kutoka. Endesha kilomita 50. Moshi ukipungua sana na chupa ikawa na oili, umejua njia. Kabla hujahukumu ringi, safisha bomba lenyewe na vibati vya kuzuia oili ndani ya kava, maana vikiziba masizi oili yote hutupwa nje. Gharama ya kazi hiyo ni lita moja ya mafuta ya taa na alasiri moja.

Ni silinda ipi?

Moshi ukiwa mweupe au mweusi na injini inatetemeka, tafuta silinda yenye tatizo. Injini ikiwa kwenye sailensa, legeza nati ya bomba la nozeli moja kwa nusu mzunguko, spana ya namba 17 kwa Toyota nyingi. Sikiliza. Silinda nzima ikikatwa, injini inashuka na kutetemeka zaidi. Ukilegeza moja na mlio usibadilike, lakini moshi ukapotea, umeipata. Kaza, nenda inayofuata.

Vaa miwani, funika nati kwa tambaa zito, na usipitishe mkono kamwe mbele ya dizeli inayoruka. Nozeli hufunguka kwa shinikizo la zaidi ya baa 100, na dizeli ya nguvu hiyo hupenya ngozi. Kidonda huonekana kama tundu la sindano, lakini ni cha kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Nozeli zipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na ukae uone: ukungu mwembamba wa pembe sawa, bila tone linaloning'inia. Zinaporudishwa, pete za shaba (washa) za chini ziwe mpya. Kama nozeli zilizobadilishwa karibuni zimekufa tena, shuku mafuta. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ulaini wa kutosha. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka alama maalumu kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwakamata wahusika. Jaza kituo kimoja unachokiamini na utunze risiti.

Kama ina tabo

Vua mpira wa kuingizia hewa, shika ncha ya shafti. Kutikisika kidogo sana kushoto na kulia kunakubalika, lakini kusogea mbele na nyuma unakokuhisi kwa vidole hakukubaliki. Oili nyembamba kwenye mipira ni kawaida kwa sababu bomba la kupumulia humwagia hapo. Oili iliyotuama ni jambo jingine. Hakikisha bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo halijaziba, maana likiziba hata tabo mpya itavuja.

Tabo iliyokatika sili ina hatari moja ambayo kila dereva wa dizeli aijue. Injini inaweza kuanza kuungua kwa oili yake yenyewe, ikapanda resi bila kukanyagwa, na kuzima ufunguo hakusaidii. Ikitokea kwenye gari la gia za mkono, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi ili ife. Kama haiwezekani, ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Usitumie mkono wala nguo. Ikishindikana, ondoka karibu nayo.

Kompresheni, mwisho kabisa

Umefika hapa na moshi wa buluu bado upo, hewa ni safi na bomba la kupumulia linapumua vizuri. Sasa pima. Kipimo cha petroli hakifai, kitapasuka. Unahitaji cha dizeli kinachoingia kwenye tundu la hita plagi au la nozeli. Injini iwe ya moto, betri iwe imejaa, hita plagi zote zitolewe, na waya wa kukatia mafuta kwenye pampu uchomolewe. Kwa 3L, kikomo cha chini ni kilo 20 kwa sentimita ya mraba, yaani karibu psi 284, na tofauti kati ya silinda isizidi kilo 5, karibu psi 71. Tofauti hiyo huniambia mengi kuliko namba yenyewe: zote zikishuka sawasawa ni uzee, moja ikianguka peke yake ni jeraha.

Usifanye ule mchezo wa petroli wa kumimina oili kwenye silinda halafu kupima tena. Nafasi juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, na oili ikizidi kidogo itapinda fimbo ya pistoni. Badala yake mwombe fundi aingize upepo wa kompresa kwenye silinda iliyodorora, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa. Sikiliza unakotoka: kwenye tundu la oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa.

Na kama kompresheni ni nzuri lakini oili inaisha? Hapo ringi ya oili, ile ya chini, imegandishwa na masizi. Ringi za juu zinabana gesi, ya chini imeshindwa kukwangua. Hutokea kwa gari linalokaa sana kwenye sailensa na safari fupi za mjini. Kabla ya kufungua, badilisha oili na filta mara mbili mfululizo, kila baada ya kilomita 1,500, na kila wiki ulitoe gari barabara kuu likafanye kazi ya kweli kwa saa moja, likiwa na mzigo. Magari kadhaa nimeyaona yakirudi kwenye hali nzuri kwa njia hii, mengine hayakurudi.

Ikibidi kufungua, mwombe fundi apime silinda juu, katikati na chini kabla hajaagiza ringi. Silinda iliyoliwa kuwa na umbo la yai haiponi kwa ringi mpya. Inachongwa na kuwekewa pistoni za saizi inayofuata. Na siku injini inarudi, mpira wa hewa na chujio viwe vipya, vimefungwa wewe ukiwepo. Kwa kilomita 1,000 za kwanza usiiache kwenye sailensa muda mrefu wala usiibembeleze mno. Ringi hukaa mahali pake kwa kubanwa na mzigo wa wastani. Mwaga oili hiyo pamoja na filta zikifika 1,000, jaza mpya hadi alama ya juu, na uanze kuhesabu upya kwenye daftari lako.